Je, Wajua? Mwaka wa Wajapani: Ng'ombe wa Biringanya na Mishahara Iliyoyeyuka

Je, wajua kwamba mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1872 nchini Japani ulikuwa na siku 2 tu? Watu walilala usiku wa tarehe 2, wakaamka Januari mosi 1873. Serikali ya Mfalme Meiji ilikuwa imeamua kuachana na kalenda ya kufuata mwezi, na tangazo lilitoka zikiwa zimebaki wiki kama tatu tu. Sababu mojawapo ilikuwa fedha. Kwa hesabu ya zamani, mwaka 1873 ungekuwa na miezi 13, maana yake mishahara 13 kwa watumishi wa umma, na hazina ilikuwa imekauka. Okuma Shigenobu, aliyekuwa akishika mambo ya fedha, alilieleza jambo hilo baadaye katika kumbukumbu zake. Mwezi wa 13 ukafutika, na ule wa siku 2 haukulipwa. Ukiona sikukuu za Japani zinagongana na majira, anzia hapo.

Je, wajua kwamba Tanabata ni sikukuu ya wapenzi wawili wanaokutana mara moja kwa mwaka? Ni nyota: Vega ndiye binti mfumaji, Altair ndiye mchunga ng'ombe, na katikati yao umepita mto wa nyota angani. Watu huandika maombi yao kwenye vipande vya karatasi za rangi na kuvifunga kwenye matawi ya mianzi. Zamani, siku ya 7 ya mwezi wa 7 iliangukia wakati mbingu imetakata. Kalenda mpya ikaipeleka Julai 7, katikati ya masika yao, na sasa wapenzi hao mara nyingi hawaonekani kwa mawingu. Watu wa Sendai hawakukubali. Wao husherehekea Agosti 6 hadi 8.

Obon nayo, sikukuu ya kupokea roho za marehemu, ina tarehe tatu. Tokyo wengi hufanya Julai, sehemu kubwa ya nchi hufanya katikati ya Agosti, na Okinawa bado wanautazama mwezi. Ukoo uliotawanyika unaweza kuzichanganya roho za wazee wake.

Na usafiri wa wazee hao je, wajua? Mtu huchukua tango, akalichomeka vijiti vinne vya miguu, likawa farasi. Biringanya nalo huchomekwa hivyo hivyo likawa ng'ombe. Farasi ni wa kuja nyumbani, ili wafike upesi. Ng'ombe ni wa kurudia, maana hana haraka, na mgongo wake unabeba zawadi nyingi. Kwangu mimi hakuna mila yenye adabu kuliko hii: mgeni anaharakishiwa njia ya kuja na kucheleweshewa njia ya kuondoka. Kule Kyoto, Agosti 16 saa 2 usiku, huwashwa mioto mikubwa kwenye milima mitano kuwasindikiza.

Matango hayohayo yana kisa kingine. Mwezi wa Julai, watu wengi wanaohusika na tamasha la Gion mjini Kyoto hawayagusi kabisa, kwa sababu tango likikatwa, kipande chake hufanana na nembo ya hekalu la Yasaka, lenye tamasha hilo. Kula nembo ya mungu wako ni utovu wa heshima.

Na Gion yenyewe, je, wajua ilianza kwa sababu ya tauni? Mwaka 869 maradhi yalikuwa yanaua watu, mikuki mirefu 66 ikasimamishwa, mmoja kwa kila jimbo la nchi, kuziomba roho zenye hasira zitulie. Leo mikuki hiyo imekuwa magari ya mbao ya kukokotwa kwa kamba. Makubwa zaidi yana urefu wa kama mita 25 kutoka ardhini hadi ncha ya mlingoti, na uzito wa tani kama 12. Mbao zake hufungwa kwa kamba, bila misumari. Sasa hapa ndipo penye kazi: magurudumu hayakati kona. Gari likifika njia panda, wanaume hutandika fito za mianzi mbele ya magurudumu, wakazimwagia maji ziteleze, kamba zikahamishiwa ubavuni, halafu anayeongoza akashusha pepeo lake na wote wakavuta kwa mpigo mmoja. Gari hugeuka kidogo kwa kishindo. Hutandikwa tena, huvutwa tena, mpaka limetimiza robo duara. Huku juu yake wapo wapiga filimbi.

Tazama pia mapambo yake. Gari liitwalo Kanko-hoko lilivikwa kitambaa kilichofumwa Ubelgiji karne ya 16, kinachomwonyesha Rebeka wa kitabu cha Mwanzo akimnywesha maji mtumishi wa Ibrahimu. Lilivalishwa hivyo enzi ambazo Ukristo ulikuwa marufuku Japani.

Je, wajua kwamba mapema Februari, siku ya Setsubun, watu hurusha maharage ya soya yaliyokaangwa kumfukuzia zimwi nje na kuikaribisha heri ndani? Mara nyingi zimwi ni baba wa nyumba aliyevaa kinyago. Kisha kila mtu hula maharage kwa idadi ya miaka yake. Bibi wa miaka 90 ana kazi.

Mwezi huohuo, katika hekalu la Saidaiji mkoani Okayama, wanaume kama 10,000 waliopiga winda tu husongamana kwenye baridi kali. Saa 4 usiku taa huzimwa na vijiti viwili vitakatifu hurushwa kutoka dirishani. Atakayetoka na kijiti anahesabiwa mwenye bahati mwaka mzima. Kule Iwate, tamasha la jamaa hiyohiyo liitwalo Sominsai, lililodumu zaidi ya miaka 1,000, lilifanyika mara ya mwisho Februari 2024. Waandaaji wamezeeka na vijana wa kuwapokea hakuna.

Wazee, kwa kweli, wanaongezeka kuliko vikombe. Tangu 1963 serikali humzawadia kila anayetimiza miaka 100 kikombe cha madini ya fedha. Mwaka ule wenye miaka 100 na zaidi walikuwa 153. Septemba 2024 walikuwa 95,119. Kikombe, tangu 2016, kimepakwa fedha juu tu.

Je, wajua kwamba kuna shindano la kuliza watoto? Wachezaji wa sumo hupakata watoto wachanga wawili, uso kwa uso, na mahali pengi anayeanza kulia ndiye mshindi. Waamini wanasema mtoto mwenye kilio kikubwa atakua na afya.

Noti za zawadi ya harusi na za kuwapa watoto mwaka mpya lazima ziwe mpya. Za rambirambi ziwe zilizotumika, kwa maana ukileta noti mpya kwenye msiba utadhaniwa ulijiandaa tangu mgonjwa hajafa. Mwenye mpya tu huikunja kwanza.

Usiku wa Desemba 31 mahekalu ya Kibuddha hugonga kengele mara 108, moja kwa kila tamaa inayomsumbua binadamu. Kengele ya Chion-in, Kyoto, ina tani kama 70. Watawa 16 huvuta kamba, na wa 17 huning'inia kwenye gogo la kugongea, akajitupa nyuma chali mpaka mgongo unakaribia sakafu. Siku hizi yapo mahekalu yaliyohamishia kengele mchana, kwa sababu majirani wanalalamikia kelele.

La mwisho. Hekalu kuu la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwenye kiwanja kilicho kando ya lile la zamani, kwa mbao mpya za mti uitwao hinoki. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 690, ya 62 ilikuwa 2013, na mbao za zamani hugawiwa mahekalu mengine. Ibada za kuandaa ujenzi wa 63 zilianza 2025, na hekalu jipya linatarajiwa 2033. Unayetaka kulishuhudia, anza kudunduliza nauli sasa.