Vidole Viwili Vilivyozaa Muziki Mzito

Naandika haya nikiwa Kenyenya, katika vilima vya Kisii, nchi ya migomba na baridi ya asubuhi. Wakisii wana chombo chao kiitwacho obokano, kinanda kikubwa cha nyuzi nane. Sauti yake si nyororo kama ya udi wetu wa pwani. Ni nzito, hunguruma hata mtu akaisikia kifuani. Kila niisikiapo humkumbuka mtu mmoja wa mbali, Mwingereza Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath.

Muziki wake huitwa hevi metali. Wengi wetu tunauita makelele, na jina la kundi lenyewe, lililotokana na sinema ya kutisha, halitupendezi. Simwombi msomaji aupende. Namwomba amsikilize mtu mwenyewe.

Iommi alizaliwa Birmingham mwaka 1948, katika mji wa viwanda. Alipokuwa na miaka 17 alifanya kazi katika kiwanda cha mabati, na alikuwa amekwisha kuaga ili akapige muziki. Siku ya mwisho alirudi nyumbani kula, akataka asirudi tena kazini. Mamake akamwambia akaimalize kazi yake kama inavyopasa. Akarudi. Mchana ule aliwekwa kwenye mashine asiyoizoea, nayo ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa yeye hupiga kwa mkono wa shoto, huo wa kulia ndio uliokuwa ukibana nyuzi. Madaktari walimwambia asahau gitaa.

Msimamizi wake wa kiwandani alimletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt. Huyo aliungua moto mwaka 1928, vidole viwili vya mkono wake vikalemaa, na bado alivuma Ulaya nzima kwa gitaa lake. Iommi akapata moyo. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akajifinyangia vifuniko vya vidole, akavivisha ngozi. Nyuzi za kawaida zilimuumiza, basi akatumia nyembamba, hata za banjo. Baadaye akazilegeza ili zibanike kwa urahisi, na sauti ikashuka chini, ikawa nzito. Sahani ya kwanza ya kundi lao ilitoka Februari 1970, na wengi huihesabu kuwa mwanzo wa hevi metali.

Mwaka 2012 madaktari walimgundulia saratani, akatibiwa huku akiendelea na kazi. Tarehe 5 Julai 2025, akiwa na miaka 77, alipanda jukwaani Birmingham pamoja na wenziwe watatu wa awali kwa mara ya mwisho. Siku 17 baadaye mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, akafariki.

Hadithi hii nilimsimulia kijana mmoja wa hapa sokoni, fundi wa kuchomelea vyuma. Alikuwa akipiga gitaa harusini, hata msumeno wa umeme ukampunguza kidole. Gitaa ameliazimisha.

"Mzee, huyo alikuwa Mzungu," akaniambia. "Alikuwa na hospitali."

"Hospitali ilimwambia aache, mwanangu," nikamjibu. "Kilichomsaidia ni chupa ya sabuni."

Akautazama mkono wake kwa muda, kisha akaniuliza ile ngozi ilishikizwaje kwenye plastiki. Nikamwambia iligandishwa kwa gundi. Akatikisa kichwa, akasema gundi anayo.

Sisi wa pwani twajua kwamba baada ya dhiki ni faraja. Lakini aghalabu twaingoja faraja hiyo tukiwa tumeketi barazani. Iommi hakuingoja, aliifinyanga kwa mikono yake miwili, mmoja ukiwa na kilema. Subira ya kweli, nionavyo, haikai bure: ina kazi mkononi.