Kuacha pombe Giheta: watu watatu wanatosha

SISI tuliorudi nyumbani kutoka kambi za Tanzania tulipokewa kwa pombe. Jirani aliyetaka kutukaribisha alileta urwarwa, ile pombe ya ndizi. Aliyetaka kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba alileta impeke ya mtama. Hapa Giheta, karibu na Gitega kwenye kiwanda cha bia cha Brarudi, kunywa pamoja ni salamu, ni shukrani na ni msamaha. Ukikataa, mwenye nyumba huona umemkataa yeye.

Ndiyo maana anayeamua kuacha pombe hupoteza mambo mawili kwa siku moja: kinywaji, na watu wa kukaa nao. Hilo la pili ndilo huwarudisha wengi kwenye kabare.

Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye kambini Mtabila, Kasulu, hununua mchele na sabuni ng'ambo ya mpaka wa Kobero na kuuza Muyinga na Gitega. Siku moja aliniambia: "Mwalimu, nisipokunywa asubuhi mikono inatetemeka. Nitafutie watu walioacha." Hakuomba dawa wala mahubiri. Aliomba watu.

Tulianzia kituo cha afya, na nawashauri wengine waanzie huko. Muuguzi alitueleza jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akikata ghafla, anaweza kutokwa jasho, kupata degedege na kuchanganyikiwa katika siku 2 au 3 za mwanzo, na hali hiyo inaweza kuua. Anahitaji kuangaliwa, na pengine kupewa dawa. Kwa hali nzito ya akili, kituo kinachojulikana nchini ni kile cha Kamenge, Bujumbura.

Lakini dawa ni ya siku chache, na jioni ni za maisha yote. Jioni hizo ndizo zilizowasumbua wanaume wawili waliokutana Akron, Marekani, mwaka 1935: mmoja dalali wa hisa, mwingine daktari. Waligundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake, wote wawili hupata nguvu ya kupitisha siku. Ndipo kilipozaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani AA. Hakuna kiingilio. Sharti ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Majina kamili hayatajwi, na yanayosemwa hayatoki nje. Kenya ina mikutano yao, na soba hausi za Zanzibar hutumia hatua zao 12 kuwasaidia waraibu wa heroini.

Jambo hili si geni sana hata kwetu. Marafiki, waliofungua misheni ya Kibimba hapa Giheta mwaka 1934, ni miongoni mwa walioanzisha mwaka 2003 semina za siku 3 za kuponya majeraha ya vita Burundi na Rwanda. Watu hukaa, mmoja husema, wengine husikiliza.

Kwa kuwa hatukupata kundi la kufika kwa miguu, tulianza la kwetu. Kwa desturi ya AA, watu wawili au watatu wanatosha. Tulikuwa na rafiki yangu, fundi mwashi mmoja, na mama mjane aliyeacha kunywa lakini bado anasomesha watoto kwa kuuza urwarwa. Mimi si mnywaji. Walinikubali nitunze saa. Tunakutana Jumapili alasiri uani kwa fundi, saa moja tu, kwa Kirundi na Kiswahili kilichochanganyika kama tulivyo sisi wenyewe. Kuna chai. Kila mmoja husema ya kwake, na hakuna anayemkatiza wala kumshauri mwenzake asipoombwa. Neno "mlevi" halitumiki kumwita mtu mwingine; kila mmoja hujiita atakavyo.

Baada ya Jumapili tatu rafiki yangu alilala Kobero, akanywa, na fedha za mzigo zikaisha, pamoja na karo ya watoto. Jumapili iliyofuata alikuja, akasema yote. Hakuna aliyecheka. Mama alimwambia tu, "Kaa, mwanangu, chai bado ya moto." Hapo niliona faida ya kundi. Kanisani angejificha, nyumbani angegombana, kwenye kabare wangemnunulia nyingine.

Ninyi wa mpakani mna kazi ngumu zaidi. Tanzania ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, lakini chupa hazijaisha, na usiku wa kusubiri gari ni mrefu. Rafiki yangu sasa hupiga simu mara mbili: akishapokea fedha, na kabla ya kulala. Mwenye intaneti anaweza pia kuhudhuria mkutano wa AA kwa simu, popote alipo.

Anayetaka kuanza aende kwanza kituo cha afya. Kisha atafute mtu mmoja anayetaka kuacha, wapange siku, saa na mahali pasipouzwa pombe, wakutane hata mvua ikinyesha. Mjane wetu bado anauza urwarwa, kwa sababu hajapata biashara nyingine. Kila Jumapili hulisema hilo wazi, nasi humsikiliza.