Barua ya Kodi Ikifika, Usikimbilie Kishoka

Je, una duka Kamachumu? Unauza dagaa Kemondo? Unanunua ndizi Muleba na kuzipeleka Bukoba mjini? Basi habari hii inakuhusu.

Siku moja unaweza kupokea barua ya kodi. Ndani yake kuna deni kubwa. Utashtuka. Hapo ndipo huja mtu mwenye maneno matamu. Atakuambia, "Mimi nawajua wakubwa wa pale ofisini. Nipe shilingi 100,000, mambo yatakwisha." Mtu huyo ni kishoka. Atakula fedha yako, na deni litabaki pale pale. Mbaya zaidi, siku zako zitakuwa zinakwisha.

Kwanza, jua nani anakudai

Soma barua polepole. Angalia mambo matatu: imetoka ofisi gani, unadaiwa kiasi gani, na umeipokea tarehe ngapi. Iandike tarehe hiyo katika daftari lako.

Kodi ya mapato ya biashara hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA. Mamlaka hii ilianza kazi mwaka 1996. Lakini ushuru wa mazao na ushuru wa soko ni wa halmashauri. Ukiwa na shida ya ushuru wa kahawa au ndizi, nenda kwa mwekahazina wa halmashauri yako. Kumbuka pia kwamba ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi, si mkulima.

Na mtu akikudai kodi ya maendeleo, ile iliyotozwa kila mtu mzima, mkatalie. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003.

Tuchukue mfano

Tuseme una duka dogo. Kwa mwaka unauza bidhaa za shilingi 9,000,000. TRA inakadiria kwamba umeuza bidhaa za shilingi 24,000,000. Kwa viwango vya mwaka 2024, kodi ya mauzo hayo ni shilingi 840,000.

Kama mauzo yako kweli ni shilingi 9,000,000, na umeyaandika vizuri kila siku, kodi yako ni shilingi 150,000. Kama hukuandika, ni shilingi 250,000. Unaona faida ya daftari? Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa ufanye nini? Sheria inakuruhusu kupinga makadirio hayo. Unaandika pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA na kueleza sababu zako. Lakini una siku 30 tu tangu ulipopokea barua. Ukiipokea tarehe 3 Mei, usivuke tarehe 2 Juni.

Tena kuna sharti. Lazima kwanza ulipe ile kodi unayoikubali, au theluthi moja ya kodi uliyokadiriwa. Utalipa ile iliyo kubwa zaidi. Katika mfano wetu, unakubali shilingi 150,000. Theluthi ya shilingi 840,000 ni shilingi 280,000. Basi utalipa shilingi 280,000. Ukiwa na sababu nzuri, unaweza kumwomba Kamishna Mkuu akupunguzie sharti hilo. Omba mapema, na kwa maandishi.

Nani akusaidie?

Ukiumwa jino, huendi kwa fundi baiskeli. Na tatizo la kodi lina mtu wake.

1. Kama hujaelewa barua, anza na ofisa wa TRA mwenyewe. Nenda na barua yako na daftari lako. Kueleweshwa ni bure. Hata namba ya mlipa kodi, yaani TIN, hutolewa bure. Unaweza pia kupiga simu 0800 750 075 au 0800 780 078 bila malipo.

2. Kama hesabu zina utata, au unataka kuandika pingamizi, tafuta mhasibu au mshauri wa kodi. Mhasibu wa kweli amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Mshauri wa kodi wa kweli amesajiliwa na TRA.

3. Kama pingamizi lako limekataliwa, unaweza kwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Hapo kuna mambo ya sheria. Ni vizuri kuwa na wakili aliyezoea kesi za kodi.

4. Kama umecheleweshwa au umetendewa vibaya, kuna Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi. Nayo haitozi ada.

Gharama nayo ipime. Usimlipe mtaalamu shilingi 300,000 kwa deni la shilingi 100,000.

Kabla hujatoa fedha

Muulize mtu huyo maswali haya:
– Cheti chako cha usajili kiko wapi?
– Utanitoza shilingi ngapi kwa jumla? Tuandikiane.
– Utanipa nakala ya kila barua utakayopeleka?

Akikasirika kwa kuulizwa, achana naye. Mtaalamu wa kweli haoni haya kuonyesha cheti.

Usimpe mtu yeyote fedha ya kodi mkononi. Kodi ya TRA hulipwa benki au kwa simu, kwa namba maalumu ya malipo ya deni lako. Tunza stakabadhi. Na neno lako la siri usimpe mtu, hata akiwa shemeji yako.

Kulipa kodi ni wajibu wetu. Lakini lipa ile iliyo haki yako kulipa, wala si zaidi. Leo hii nunua daftari. Andika mauzo ya leo. Kesho andika ya kesho. Barua ikifika, utakuwa na jibu.

Maswali ya kujadiliana

1. Una siku ngapi za kupinga makadirio ya kodi?
2. Ushuru wa mazao hulipwa na nani?
3. Utamtambuaje kishoka?
4. Ukikadiriwa kodi ya shilingi 600,000, theluthi yake ni kiasi gani?