Fikasi ya Chunguni: Kwanza Inenepe, Ndipo Ipunguzwe

Bonsai haina mbegu yake. Hakuna mti uliozaliwa kibete ukaitwa hivyo. Fikasi ya sentimita 40 iliyomo kwenye chungu kipana cha kina kifupi ina jeni zilezile za fikasi inayopasua ukuta wa bustani mtaani, na ukiirudisha ardhini leo itaanza kurefuka kana kwamba haijawahi kuguswa na mkasi. Udogo wake ni kazi ya mikono, na kazi yenyewe huanza kinyume na wengi wanavyodhani: kwa kuuacha mti ukue.

Sababu iko chini ya gome. Hapo pana utando mwembamba wa seli hai, kambiamu, unaozalisha mbao upande wa ndani na gome upande wa nje. Kambiamu hula sukari inayoteremka kutoka majanini. Majani machache, sukari kidogo, shina jembamba. Anayenunua mche wa Ficus microcarpa kitaluni, akauhamishia siku hiyohiyo kwenye chungu cha kina cha vidole vinne na kuanza kuukatakata, amejipatia kijiti. Miaka 10 baadaye atakuwa na kijiti kizee. Mjuzi huupanda ardhini au kwenye ndoo pana kwa miaka 2 au 3, na tawi moja la chini haligusi kabisa, hata lifike mita 2. Tawi hilo halitabaki. Limewekwa ili linenepeshe shina lililo chini yake, kisha likatwe.

Ndipo unakuja mkato mkubwa. Shina hukatwa chini kabisa, chipukizi moja huachwa lishike nafasi ya ncha, nalo likikaribia unene wa shina hukatwa tena. Kila kipande huwa chembamba kuliko kilichokitangulia na huelekea upande mwingine kidogo, hata mti wa kimo cha mkono ukaonekana kama umepigwa na upepo wa miaka mingi. Wachina wa Guangdong wameujenga mtindo wao wa Lingnan juu ya kata-acha hii, bila kutegemea sana waya.

Kinachofanya mkato uzae matawi ni homoni. Ncha ya tawi hutengeneza oksini, ambayo huteremka na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Ikikatwa, kizuizi hulegea, homoni nyingine, saitokinini, hupata nafasi, na macho huamka. Miti mingine huamka pale penye majani tu. Fikasi huchipua hata kwenye gome kuukuu. Kwa maoni yangu hakuna mti unaomfaa zaidi anayeanza, mradi asiuweke penye giza wala baridi.

Ukikata, utomvu mweupe huchuruzika papo hapo. Unanata kwenye mkasi, unaacha doa jeusi kwenye shati, na ngozi nyingine huwashwa nao. Ndani yake mna vimeng'enya vinavyowadhuru viwavi, na ukikauka huziba jeraha. Mnyunyizio wa maji na kitambaa kibichi vinatosha, usiusugue.

Uwezo wa fikasi kujiponya Waganda waliutumia zamani. Mutuba, yaani Ficus natalensis, hubanduliwa gome msimu wa mvua ili lipondwe liwe nguo, kisha shina hufungwa majani ya mgomba. Seli hai zilizobaki juu ya mbao hujenga gome jipya, na mti uleule huvunwa tena na tena kwa miaka mingi. Mwaka 2005 UNESCO iliutambua ufundi huo. Mtunza bonsai hukutana na uwezo huohuo akitaka kuotesha mizizi katikati ya tawi: akiondoa pete ya gome bila kukwangua ule utelezi uliobaki, gome hujiunga upya na mizizi haioti.

Waya nao una hatari yake. Msimu wa joto tawi la fikasi hunenepa haraka, na waya uliofungwa leo unaweza kuanza kuzama kwenye gome ndani ya wiki chache. Uukague mara kwa mara, na ukiutoa uukate vipandevipande badala ya kuuzungusha.

Mizizi ya angani ndiyo inayonivutia kuliko yote. Penye unyevu hewani huning'inia matawini kama nyuzi. Wengine huipitisha ndani ya mrija wa soda mpaka ifike udongoni bila kukauka. Mwaka 1968 watafiti Zimmermann, Wardrop na Tomlinson walieleza kuwa mizizi hiyo kwa Ficus benjamina, ikishashika udongo, hutengeneza mbao ya mvutano inayoufupisha mzizi na kuukaza. Mzizi uliokuwa umepinda hunyooka wenyewe, kisha hunenepa ukawa nguzo. Mizizi iliyogusana huungana.

Huko Parabiago, karibu na Milano, Makumbusho ya Bonsai ya Crespi yana fikasi yenye mizizi ya namna hiyo, inayosemekana kuzidi miaka 1000. Umri huo naupokea kwa tahadhari: fikasi za tropiki hazina pete za mwaka za kuaminika, hivyo kuzihesabu ni shida.

Miaka ya mwisho ni ya kupunguza. Chipukizi huachwa lifikishe majani 6 hadi 8, likarudishwa kwenye 2. Mwanga mkali hufupisha pingili. Mti wenye afya, na huo tu, unaweza kukatwa majani yote, vikonyo vikaachwa. Kwenye shina la kila kikonyo pana jicho, na macho mengi yakiamka pamoja yanagawana akiba ileile, kila jani likatoka dogo. Matunda hayafuati utaratibu huo. Hubaki karibu na ukubwa wake wa kawaida hata majani yakipungua nusu, na kwa kuwa hula sukari ambayo vitawi vingeitumia, watunzaji wengi huyachuma yakiwa bado machanga.