Utangulizi: Mawazo na Mikono

Mswahili akikwambia "fulani ana mawazo", humuulizi ni mawazo gani, wala hudhani kwamba fulani amekuwa mwanafalsafa. Unaelewa papo hapo: chakula hakimpiti kooni, usingizi haumjii, ukimsemesha anakujibu akiwa mbali. Kuwaza, ambako shuleni tunakusifu, kukishakuwa kitu mtu "alicho nacho" kunageuka maradhi. Kila mwaka ninapolifundisha somo hili huanzia kwenye neno hilo, kwa sababu wanafunzi wengi huja wakidhani wataletewa elimu ya kigeni, kumbe nusu yake wamekuwa wakiitamka tangu utotoni.

Nusu ya pili imo mikononi. Kitabu hiki kinahusu namna ubunifu na kujitunza vinavyoweza kumwinua mtu aliyelemewa na moyo mzito: kuchora, kuandika, kushona, kuimba, kulima bustani, na pia mambo yasiyo na sifa yoyote kama kuoga, kula kwa wakati na kulala. Kama taaluma, uwanja huu una tabia za mpangaji. Ana chumba kwa wanasaikolojia, chumba kwa wauguzi, na vyombo vyake vingine viko uani kwa wasanii. Ndiyo maana anayeuingia mara nyingi hajui agonge mlango upi.

Waingereza hupenda kuanzia kwa Adrian Hill, mchoraji aliyelazwa sanatoria kwa kifua kikuu mwishoni mwa miaka ya 1930, akachora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, akaona vinamsaidia kuzibeba siku, kisha akawafundisha wagonjwa wenzake. Mwaka 1942 ndiye aliyelitunga jina la Kiingereza la tiba ya sanaa. Mimi napenda kurudi nyuma zaidi, hadi kwa Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa mwaka 850 katika nchi tunayoiita leo Afghanistan na kufariki mwaka 934. Kitabu chake kinaitwa Masalih al-Abdan wa al-Anfus, na Mswahili aliyezoea maneno maslahi, badani na nafsi hahitaji mkalimani wa jalada. Al-Balkhi aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuushughulikia mwili na kuiacha nafsi. Akaigawa huzuni mafungu mawili: ile yenye sababu inayojulikana, kama msiba au hasara, na ile inayomvaa mtu bila yeye kujua imetoka wapi. Hii ya pili aliitafutia chanzo mwilini, na matibabu yake pia akayaelekeza mwilini.

Ana shauri moja ambalo sijapata kuliona likizeeka. Kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla hajaugua, alisema, basi siku za utulivu ajiwekee akiba ya fikra njema, aje azitumie siku nafsi itakapochafuka. Maana ya shauri hilo kwa kazi yetu ni kubwa. Kujitunza kwa maana hii hakuanzi siku mtu anapovunjika. Huanza Jumanne ya kawaida isiyo na tatizo, ambapo hakuna anayeona haja yake.

Sasa nieleze kile ninachokiona kuwa kiini. Mtu mnyonge husubiri. Anasubiri ajisikie vizuri ndipo aende kwenye arusi ya binamu yake, ndipo amwagilie maua, ndipo amjibu rafiki aliyemwandikia wiki iliyopita. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, aliueleza mzunguko huo kwa hoja iliyoonekana nyepesi mno: aliyenyong'onyea huyaacha mambo yaliyokuwa yakimpa raha, raha inapungua, unyonge unaongezeka, naye anaacha mengine zaidi. Dawa aliyoipendekeza ni kuanzia upande wa pili. Mtu afanye kwanza, kidogo kidogo na kwa ratiba, moyo utamfuata kwa mwendo wake.

Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake waliipima hoja hiyo kwa njia ya kijanja. Waliichukua tiba ya fikra ya Aaron Beck, iliyokuwa inaongoza wakati huo, wakaivunja vipande. Kundi moja la wagonjwa wa sonona lilipewa kipande cha kupanga na kutenda shughuli tu. Kundi jingine lilipewa tiba nzima, pamoja na mazoezi yote ya kuzihoji fikra mbaya. Kundi la shughuli halikuachwa nyuma, si mwisho wa matibabu, wala miezi 6 baadaye. Mjadala juu ya matokeo hayo haujaisha, nami sitaki msomaji aondoke akidhani fikra hazina uzito. Ila tangu hapo imekuwa vigumu kuzidharau kazi ndogo ndogo. Kufungua dirisha asubuhi. Kula kitu cha moto. Kutembea hadi dukani na kurudi. Najua yanavyosomeka: mwalimu mzima wa chuo anamwambia mtu akaoge.

Wala hili si lile "jikaze" letu. Anayekwambia ujikaze anaudai moyo, na moyo ndio hasa usio na kitu cha kutoa siku hiyo. Ratiba haiudai moyo chochote. Inaomba mkono, na kwa dakika 10 tu.

Kwa nini basi mkono? Mtazame msukaji ukili kisiwani Pemba. Anachana miyaa kuwa chane nyembamba, nyingine amekwisha kuzichemsha ndani ya rangi, anaanza kusuka na ukili unarefuka pima kwa pima mpaka utoshe kushonwa mkeka. Hesabu ya chane haimruhusu kwenda mbali kimawazo. Akipotea, pambo linamsema. Lakini kazi haimmezi yote. Kinywa kiko huru, masikio yako huru, na pembeni wamekaa wenzake wanaosuka wa kwao. Kila alasiri ikiisha anaweza kupima alipofika kwa macho na kwa mkono. Ukimwambia anajitibu atakucheka, na ana haki, kwa kuwa anachotafuta ni mkeka. Mtafiti hata hivyo anaona hapo mambo manne yakikutana mahali pamoja: umakini ulioshikwa bila kubanwa, mwendo wa kurudiarudia, maendeleo yanayoonekana, na watu. Mtu mwenye mawazo hukosa yote manne kwa wakati mmoja.

Hapa wanafunzi huniuliza swali lile lile: je, asiye na kipaji? Girija Kaimal na wenzake, huko Philadelphia, waliwaketisha watu wazima 39 kwa dakika 45 wakiwa na udongo wa kufinyanga, kalamu za rangi na karatasi za kukata na kubandika, wakawapima mate kabla na baada ili kuona kiasi cha kotiso, homoni inayopanda tukiwa na msongo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Kwa takriban asilimia 75 ya washiriki kotiso ilishuka, na aliyewahi kufanya sanaa hakumzidi ambaye hajawahi. Utafiti huo ulikuwa mdogo na haukuwa na kundi la kulinganisha, hivyo nauchukua kama dokezo. Dokezo lenyewe linatosha kumwondolea mtu kisingizio cha kutojua kuchora. Kikombe cha udongo kilichopinda kimefanya kazi yake kabla hakijakauka.

Kuandika ni habari tata zaidi, na ndipo ninapowaomba wasomaji wawe waangalifu. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall waliwataka wanafunzi wa chuo waandike dakika 15 kila siku kwa siku 4 mfululizo. Baadhi waliandika juu ya jambo lililowaumiza kuliko yote maishani, wengine juu ya mambo ya kawaida tu. Walioandika machungu yao walitoka chumbani wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoingia. Lakini katika miezi iliyofuata, wale walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti nyingi zilizokuja baadaye zimeonyesha kwamba faida ipo ila ni ndogo, na haimfikii kila mtu.

Kinachonivutia ni wale waliofaidika. Pennebaker alipoyachambua maandishi aliona kwamba kadiri siku zilivyosonga, watu hao walizidi kutumia maneno ya sababu na ya kuelewa: kwa kuwa, ndiyo maana, sasa naona. Simulizi lilikuwa linajipanga. Kuna aina nyingine ya kuandika, ambayo ni kuwaza kwa kalamu, pale ukurasa wa leo unaporudia wa jana na wa juzi. Susan Nolen-Hoeksema aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza tabia ya kuyacheua majonzi. Tetemeko la ardhi lilipoipiga California mwaka 1989, yeye na mwenzake walikuwa wamekwisha kuwahoji wanafunzi siku chache kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Waliporudi kuwahoji tena walikuta kwamba waliokuwa na mazoea ya kucheua ndio walioonyesha dalili zaidi za sonona wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo daftari linaweza kuwa mlango, linaweza pia kuwa kisima. Ikiwa umeandika siku 4 na jambo halijasogea hata kidogo, funga daftari, shika sindano na uzi.

Sasa twende Harare, maana huko ndiko nyuzi zote hizi zimesokotwa kuwa kamba moja. Waganga wa akili Zimbabwe walikuwa wachache mno, na mmoja wao, Dixon Chibanda, alikuwa na mgonjwa aliyejiua baada ya kukosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare, alianza na kile kilichokuwepo: bibi 14 wahudumu wa afya wa jamii, na benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi anakaa, mgonjwa anakaa, wanazungumza. Bibi wale hawakulipenda jina la kizungu la ugonjwa. Walitumia neno lao, kufungisisa. Halihusiani na kufunga kwetu. Kwa Kishona kufunga ni kufikiri, na kufungisisa ni kufikiri kupita kiasi. Yaani mgonjwa wa Mbare alikuwa na mawazo.

Hatua za mazungumzo yao nazo zimepewa majina ya Kishona, ambayo kwetu ni: kufungua fikra, kuinua, kutia nguvu. Mgonjwa anayataja matatizo yake yote, anachagua moja, anapanga jambo dogo la kulifanya kabla ya kurudi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 liliwahusisha watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi 6, asilimia 14 ya waliokaa kwenye benchi walikuwa bado na dalili za sonona, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Takwimu hizo ndizo zilizosafiri dunia nzima, na benchi likafika Malawi na Zanzibar. Jambo ambalo halikusafiri sana ni kilichofuata. Waliomaliza benchi walikaribishwa kwenye kikundi, na huko, wakiwa wamekaa duara, walifundishana kusuka mikoba kwa sindano ya kufuma, malighafi ikiwa plastiki iliyokwisha kutumika. Walizungumza huku wakifuma. Mikoba waliiuza.

Kuna wenzangu wasiopenda sehemu hiyo ya kuuza. Wanaona sanaa ya kutibu haipaswi kuingizwa sokoni, eti bei itaiharibu. Siafikiani nao. Moyo wa mtu aliyekosa kodi ya nyumba ni mzito kwa sababu ya kodi, na mkoba unaomletea pesa kidogo unaigusa sababu yenyewe, jambo ambalo picha nzuri ya ukutani haiwezi. Ninachokiogopa mimi ni soko la upande wa pili, linalokuuzia kujitunza: mishumaa yenye manukato, wikiendi hotelini, mafuta ya bei ya kuku watatu. Sipingi mafuta, singo na karafuu zimewafariji wanawake wa Pwani kabla ya matangazo kuvumbuliwa. Ila aliyeambiwa kwamba kujitunza kunanunuliwa, akiwa hana cha kununulia, ameongezewa mzigo.

Mipaka nayo niiseme bila kuzunguka. Ubunifu na kujitunza vinafaa kwa unyonge wa siku za kawaida, na kwa mgonjwa wa sonona ni msaada kando ya matibabu, si badala yake. Dalili zikidumu wiki 2, mtu akashindwa kazi, kula au kulala karibu kila siku, aende kituo cha afya. Akitaja kufa, asiachwe peke yake, na asiambiwe achore. Kufuma kunahitaji mtu awepo kesho.

Kitabu hakihitaji ukisome kwa mpangilio. Mwuguzi anaweza kurukia sura ya mazungumzo ya benchi, msanii aanze na ya mikono, aliyekuja kwa ajili yake mwenyewe asiombe radhi kwa mtu. Kila mmoja, hata hivyo, namwomba daftari la siku 7 kabla ya sura ya kwanza. Andika kila saa ulikuwa ukifanya nini, na pembeni weka namba kati ya 0 na 10 kuonyesha moyo ulikuwaje. Wiki hiyo usirekebishe chochote, na usiziruke saa za aibu, zile za kulala mchana na kuperuzi simu. Ukishamaliza, itafute saa yenye namba kubwa kuliko zote, hata kama ni 3, na uizungushie duara. Tutaanzia hapo.