Saa ya taa za neoni ikigoma, usikimbilie bisibisi
Mzazi, kijana wako ameunda saa ya taa za neoni, kila taa ikiwa na tarakimu 0 hadi 9 za chuma ndani ya kioo. Miezi inapita, tarakimu moja inaanza kuwaka nusu. Taa haijafa. Tarakimu isiyowashwa mara kwa mara hushika chembe za chuma kutoka kwa jirani zake. Programu ikizungusha tarakimu zote kila usiku, mara nyingi hurudi.

Zikizimika zote, shuku kipandisha volti, kwani taa hizo huhitaji takriban volti 170. Lakini chomoeni kwanza, msubiri, kisha mpime kwa mita. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Saa ina spea, mtoto hana.