Kilicho chini ya udongo

Katika mitaa ya Lubumbashi ambako bomba halitoi maji kila siku, watu wengi huchimba kisima katika kiwanja chao. Je, maji hayo yametoka wapi? Ni maji ya mvua. Mvua huanza karibu na mwezi wa Novemba na kukoma mwezi wa Aprili. Sehemu yake hushuka katika udongo mwekundu, hupita katika nyufa za mawe, hata ikute mwamba usiopitisha maji. Hapo hukusanyika, kama maji yaliyomwagwa katika ndoo yenye mchanga.

Watu wengine hutafuta maji kwa kijiti chenye panda. Kijiti kikiinama, husema: «Chimbeni hapa!» Lakini mikono yao ndiyo inayokiinamisha, nao wenyewe hawajui. Afadhali kutumia macho. Huko Ufaransa, katika nchi ya Lot yenye mawe ya chokaa, watu walikuwa wakiteseka kwa kiu. Padri Paramelle alitembea huko miaka mingi akitazama mabonde. Aliona ya kuwa maji ya chini kwa kawaida hufuata mahali palipo chini kabisa katika bonde, hata bonde likiwa kavu. Mwaka 1856 alitoa kitabu juu ya elimu hiyo.

Siku hizi mafundi wa visima virefu hupigilia vyuma ardhini na kupitisha umeme kidogo kati yao. Mwamba mkavu huuzuia. Mwamba wenye maji huupitisha kwa urahisi. Walakini udongo wa mfinyanzi nao huupitisha, hivyo hata fundi mwenye vyombo anaweza kudanganyika.

Kisima cha mikono kichimbwe mwisho wa kiangazi, mwezi wa Septemba au Oktoba. Anayechimba mwezi wa Aprili hufurahi upesi, maana maji yako karibu. Lakini Septemba ndoo yake itarudi na matope. Tena kisima kiwe mbali na choo, si chini ya meta 30, na upande wa juu wa mteremko. Chini ya Lubumbashi mna mawe yenye nyufa, na uchafu unaweza kwenda mbali ndani yake. Kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe.

Lakini chini ya mji hamna maji na mawe tu. Mna mabomba, mna na nyaya za umeme. Sururu ikitoboa bomba, mtaa mzima utakosa maji. Ikikata waya, mchimbaji anaweza kufa pale pale. Basi kwanza waulizwe watu wa Regideso na wa SNEL, hata wazee wa mtaa waliouona mfereji ukichimbwa zamani. Kisha mtazame: nguzo ipi ina waya unaoshuka ndani ya udongo? Mfuniko wa chuma uko wapi?

Karibu na mahali hapo sururu iwekwe kando. Mchimbaji atumie chepe, aondoe udongo kidogo kidogo. Akiona udongo mwekundu umegeuka kuwa mchanga safi, au akikuta safu ya matofali au utepe wa plastiki, asimame! Mchanga ule haukufika peke yake. Mtu aliutia ili kulaza waya au bomba juu yake. Wengine husema: «Leo hakuna umeme mtaani, tuendelee.» Huo ni ujinga. Umeme hurudi bila kupiga hodi.

Na mtu akiisha kupigwa na umeme ndani ya shimo, mwenzake asishuke kumvuta, hata akiwa ndugu yake. Naye angekufa. Akimbie kuwaita watu wa umeme wakate moto wa waya ule, awazuie wengine wasikaribie. Umeme ukiisha kukatwa, ndipo washuke kumtoa.